Mlango wa Ndoo

Al Khoudh, Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote naomba unisamehe kwa kuchelewa kiasi hiki. Sauti yangu unaisikia kwenye simu kila Ijumaa, najua, lakini barua nilikuahidi tangu tuliporudi safarini, na sasa miezi miwili inakatika. Nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza nilisinzia kalamu ikiwa mkononi. Mara ya pili ikamwagikiwa chai. Mara ya tatu niliogopa tu, nikaichana. Leo siogopi. Kwa hiyo kaa chini uisome taratibu, peke yako. Usimpe mwanangu Tausi akusomee.

Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umemgawia tena jirani? Na kifua, na baridi ya huko? Huku jua linachoma mpaka kitasa cha mlango wa nje tunakishika kwa kitambaa. Mimi mwili mzima, ila mgongo unauma kwa kumnyanyua huyu mzee wangu Bi Mkubwa, na usingizi naupata vipande vipande. Nina miaka ishirini na sita lakini nikiinuka asubuhi nalia kama wewe.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako inachajiwa kwa kaka Athumani, na wewe hupenda kuweka sauti kubwa. Haya ninayoyasema hayatakiwi kusikika, si kwa Athumani wala kwa kaka Shabani, mpaka wewe uwe umeshaamua. Barua anakuletea Mama Jeni wa Soni, ambaye anafanya kazi nyumba ya tatu kutoka hapa. Yuko likizo wiki tatu, halafu anarudi. Jibu lako mpe yeye mkononi.

Sasa nisikilize.

Unakumbuka mwezi wa saba Bi Zuwena, mwajiri wangu, alitupeleka Ulaya. Watu wenye uwezo wa hapa, joto likizidi, wanakimbilia kwenye milima ya nchi inayoitwa Austria, na sisi wafanyakazi tunakwenda nao. Nilikutumia picha za ng'ombe wenye kengele shingoni, ukacheka. Kitu kimoja sikukuambia. Nilikiona huko, nikakibeba mpaka hapa, na ndicho kilichonifanya niichane barua ile ya tatu.

Ile milima, Mama, ni kama kwetu kabisa. Ukungu uleule unaopanda kutoka bondeni asubuhi mpaka huoni mkono wako. Nyumba zimeng'ang'ania mteremko. Viazi, kabichi, mipeasi. Siku ya kwanza nilisimama dirishani machozi yananitoka, Bi Mkubwa akadhani nimeungua na pasi.

Juu ya kijiji tulichopanga palikuwa na ngome ndogo ya zamani. Usifikirie kasri la mfalme. Ni mnara mmoja wa mawe juu ya jabali, nyumba moja ya mawe chini yake, na ua katikati usiozidi ua wa shule yetu ya msingi. Bi Zuwena, ambaye anafundisha historia pale chuo kikuu, alipoiona hakutulia tena. Mama yake, ndiye huyo Bi Mkubwa, mzaliwa wa Unguja aliyerudishwa Omani akiwa na watoto, hakutaka hata kuitazama.

"Mwanangu, mie nnakuja huku nipumzike, wewe wataka n'kaone mawe? Kwani Omani mawe yamekwisha?"

"Mama, ni historia."

"Historia ya magoti yangu je?"

Lakini alikwenda. Kiti chake cha magurudumu kiligoma langoni, kokoto tupu. Basi nikachukua kanga mbili, nikambeba mgongoni kama nilivyokuwa nambeba Tausi. Mwepesi sasa, Bi Mkubwa, mifupa na marashi.

"Taratibu, Rehema. Mie si gunia la tende."

"Gunia la tende halisemi, Bi Mkubwa."

Akanipiga kisigino kidogo ubavuni, akacheka.

Mwenye funguo alikuwa mzee wa pale kijijini, sikio moja halisikii, akawa anasema Kiingereza polepole, na Bi Zuwena anatugeuzia kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nasikiliza nusu, maana mzigo uko mgongoni. Mzee akasema aliyeijenga hakuwa bwana mkubwa wala nini. Alikuwa mtu anayekaa kwenye njia ya mlimani akiwasubiri wapitishaji chumvi. Aliyempa chumvi alipita. Aliyebisha walimtupa kwenye genge lile pale, na mzee akatuonyesha genge. Chini huoni kitu, ukungu tu, na sauti ya maji. Akasema alitupa watu mpaka njia ile ikabadilishwa jina, ikaitwa njia ya wanaoruka.

Juu ya lango kuna tundu. Bi Mkubwa akalitazama kabla hajaambiwa kitu, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Hapo walimwaga."

Mzee akauliza amesema nini. Bi Zuwena akamgeuzia. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, walimwaga lami ya moto.

"Kwetu tulimwaga asali ya tende," akasema Bi Mkubwa. "Kule Omani kwa babu yangu, milimani, ngome kama hii hii. Magunia ya tende yanapangwa moja juu ya jingine, asali inachuruzika yenyewe, inakusanywa, inachemshwa. Maji ya moto yanakuunguza yanakwenda zake. Asali inakuganda. Babu yangu alimwona mtu ngozi imemvuka kama ndizi iliyochemshwa, anakimbia nayo inaning'inia."

Nikauliza, "Alikuwa adui?"

"Alikuwa mtoto wa ami yake," akasema. "Haya, twende mbele, huyu mzungu mwambie asisimame."

Ndani ya ua ndipo historia yenyewe, Mama. Mjenzi yule alikufa kwa teke la farasi, asubuhi akiwa hai, adhuhuri amekufa, hakuacha neno lolote la nani achukue nini. Watoto wa kiume wawili. Mkubwa akaukimbilia mnara, maana ndani ya mnara ndiko kuliko na kisima pekee. Mdogo akashika nyumba ya chini, maana huko kuna ghala la nafaka na tanuri la mkate. Kila mmoja akamwambia mwenzake atoke. Hakutoka mtu. Wakajenga ukuta katikati ya ua. Watu wa baba mmoja, wanasikilizana wanavyokohoa, na katikati ukuta.

Mmoja ana maji hana mkate. Mwingine ana mkate hana maji.

Mzee alisema mwaka wa kwanza walikuwa wanarushiana mawe tu. Halafu mdogo akamkamata mpishi wa kaka yake aliyeteremka kuiba unga, akamkata masikio yote mawili. Mkubwa akamkamata mchunga farasi wa mdogo, akamning'iniza kwenye dirisha la mnara mahali ambapo mdogo atamwona kila akifungua mlango, na akakataza asishushwe. Alikaa pale majira mawili. Mdogo akatupa mzoga wa mbuzi kisimani, kwa kamba, kupitia juu ya paa la mnara, usumbufu wote ule, halafu yeye mwenyewe akakosa maji mengine ya kunywa, akaugua na watu wake saba wakafa kwa kuhara. Bi Mkubwa akasema pale mgongoni kwangu, "Wajinga hawa. Wajinga kama sisi." Nilicheka. Mama, nilicheka.

Lakini tangu mwanzo, lazima wale na lazima wanywe. Wakakubaliana jambo moja tu. Kila baada ya siku moja, asubuhi, ndoo mbili za maji zishuke na kapu moja la mkate lipande. Nani atapeleka? Mtu mzima hakuaminiwa na upande wowote, maana anaweza kuficha kisu. Wakasema apite mtoto. Wakaapa wote wawili: mtoto hapigwi. Wakatoboa mlango kwenye ukuta, mlango mdogo sana kwa makusudi, ili mtu mzima asiweze kupenya hata akitaka.

Mlango huo upo mpaka leo. Ukuta umeanguka sehemu nyingi lakini mlango umesimama. Mzee anauita mlango wa ndoo. Kizingiti cha chini ni jiwe, na kwenye jiwe kuna mfuo, kama wa msumeno, mahali ndoo ilipokuwa inakwaruza, maana mtoto hakuweza kuinyanyua akawa anaiburuta.

Mtoto alikuwa wa kike. Alipita pale miaka mitatu. Mzee anasema kuna siku ndani ya kapu alilobeba, chini ya mkate, kulikuwa na masikio ya yule mpishi. Mdogo ndiye aliyeyaweka. Mtoto hakujua. Alilipandisha, akalitua, akaambiwa afunue.

Bi Mkubwa akanigonga bega. "N'shushe."

Nikamkalisha kwenye jiwe. Hakuwa anacheka tena. "Muulize," akamwambia binti yake, "walimfanya nini."

Mzee akaeleza. Usiku mmoja mdogo alichoma banda la farasi la kaka yake, farasi wakalia mpaka kukacha. Mkubwa akawa kama amerukwa na akili. Alfajiri akamweka mpiga mishale juu ya ukuta, akamwambia chochote kitakachotokea kwenye mlango ule, piga, usiulize. Ukungu ulikuwa mzito. Mlango ukafunguka. Akapiga. Mshale uliingia hapa, mzee akajigusa chini ya koo, ukatokea nyuma ukashikilia kwenye mbao za mlango, kwa hiyo hakuanguka. Alisimama hivyo hivyo amebandikwa, na kapu mkononi, mpaka ukungu ulipopanda na pande zote mbili wakamwona.

Bi Zuwena akauliza, "Yule kaka alikusudia?"

Mzee akasema hapana. Hakukusudia. Alisahau tu kwamba ilikuwa asubuhi ya mkate.

Mama, hilo neno ndilo nililolibeba. Alisahau.

Baada ya hapo ilikwisha kwa siku moja. Kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyeua. Mdogo akavunja ukuta na watu wake kwa mashoka, wakauana ndani ya ua ule mdogo kama kuku bandani, hakuna pa kukimbilia. Mkubwa walimtia kisimani kichwa chini, wakamfukia na mawe akiwa bado anapiga miguu. Mdogo alitoka pale na jicho moja, hana maji, na mkate hakuna wa kumwokea, akashuka mlimani akafia njiani kwa kiu, kwenye nchi iliyojaa mito. Ngome haikukaliwa tena na mtu.

"Na mtoto," Bi Mkubwa akauliza, "jina lake nani?"

Mzee hakujua. Wale kaka wawili majina yao yamechongwa pale kwenye kibao. Hata mbwa wa yule mkubwa jina lake lipo. Yule mtoto ni wa nani, hilo nalo hawana hakika. Wengine husema wa mwokaji, wengine husema wa dada yao aliyekwenda kutumikia ng'ambo ya milima.

Nilimwomba Bi Zuwena arudie. Akarudia. Aliyekwenda kutumikia ng'ambo ya milima.

Kwenye mkoba wangu, Mama, nilikuwa na ule uzi. Ule uliompimia Tausi kutoka utosini mpaka kisiginoni, ukaupiga fundo, ukanitumia ili nimnunulie gauni la Idi. Nautembeza kila mahali, sijui kwa nini, naushika tu. Nikautoa. Nikaenda kwenye ule mlango, nikauteremsha kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye kizingiti chenye mfuo. Vilibaki vidole viwili. Tausi angepita bila hata kuinama.

Sasa unaelewa nakwenda wapi.

Tangu siku ile kaka zangu walipokatana mapanga kwenye mpaka wa viazi, na Shabani akabaki na vidole vitatu mkono wa kushoto, na Athumani na lile kovu la kichwani, hawasemeshani. Bomba liko upande wa Athumani. Jiko lako liko upande wa Athumani. Shabani yuko chini ya mipeasi na mke wake mjamzito, na kila mmoja ameapa mwenzake akivuka mipeasi atamchinja. Na anayevuka ni Tausi. Asubuhi na ndoo ya maji, mchana na sahani ya chakula, jioni na maneno. "Mwambie mjomba wako kuku wake akija huku namla." "Mwambie mjomba wako alale na jicho wazi." Na yeye anayafikisha yote, kama yalivyo, na matusi yake, kwa sababu tumemfundisha kuwa mkweli. Uliniigizia kwenye simu anavyosimama amenyoosha mikono akisema tusi la mtu mzima, na nilicheka mpaka Bi Zuwena akaja kuniangalia.

Wala sikulaumu. Ngoja niliseme, maana ndilo lililonifanya nichane ile barua. Ni mimi niliyeleta shauri hili. Wewe ulikuwa unalia kwenye simu, unasema huwezi kupita wewe na magoti hayo, huwezi kumpitisha mke wa Shabani, na mwanao hatakaa na njaa wewe ukiwa hai. Nikakuambia, "Mtume Tausi. Mtoto hapigwi." Maneno hayo hayo, Mama. Na nikaenda Matrah sokoni siku yangu ya mapumziko, nikazunguka vichochoro vyote vile, nikamnunulia ndoo ndogo ya bluu yenye mfuniko, ili asilemewe. Nikaituma imejaa pipi. Nilijiona mama mwema.

Nilipotoka kwenye ile ngome nilijiambia, Rehema, acha ujinga, hayo ni ya wazungu wa zamani. Kaka zako wana hasira lakini wanampenda mtoto. Athumani ndiye aliyemtengenezea kiti cha kukalia. Shabani alimbeba hospitali mvuani. Yote kweli. Nikanyamaza miezi yote hii.

Halafu Ijumaa iliyopita, wewe ulipokwenda kuangalia chungu ukamwachia Tausi simu, akaniambia, "Mama, mjomba Athumani alinirushia jiwe, lakini halikuwa langu."

Nikauliza, "La nani?"

"La mjomba Shabani. Alikuwa kasimama nyuma ya peasi. Mimi nilikuwa katikati tu. Halikunipiga, lilipiga ndoo. Imepasuka, kwa hiyo siku hizi nakimbia ili maji yasiishe njiani." Halafu akashusha sauti. "Bibi kasema nisikuambie, utakosa usingizi."

Lilipiga ndoo. Ndoo anaishika mbele ya tumbo, Mama. Nimejiuliza sana moyoni, Athumani hakumwona? Alimwona. Alisahau.

Bi Mkubwa alikuwa amelala pale pembeni, mimi nikidhani kalala, na simu ilikuwa na sauti. Akafumbua macho. "Huyo ndo mwanao wa ule uzi?"

Nikasema ndiye.

"Miaka mingapi?"

"Saba."

Akasema, "Yule mtoto wa ami yake babu yangu, alounguzwa na asali. Sikukwambia yote. Alikuwa kaja kumfata binti yake, aloachwa ndani kwa bibi yake. Babu yangu alijua. Lakini asali ilikuwa tayari imeshachemka." Akageuza uso ukutani. "Kaandike barua. Leo. Mie sitakufa ndani ya saa moja, na nikifa utan'kuta hapa hapa."

Kila siku tangu hapo ananiuliza kama nimemaliza. Nikisema nimechoka ananiambia nitachoka zaidi nikizika kwa simu. Ndivyo anavyosema, hana adabu ya maneno.

Basi Mama, sikiliza ninachokitaka, na nakitaka kama mama wa Tausi, siyo kama mwanao.

Siku utakayopokea barua hii, Tausi asivuke mipeasi tena. Hata mara moja. Hata kama Shabani ana kiu, hata kama mke wake ana uchungu. Kiu itamfanya Shabani aende kuchota mtoni, na mto haujamkataza mtu. Njaa itamfanya mke wake awashe jiko lake. Ni watu wazima.

Kisha, kabla ya Jumapili, dada Mwajuma aje amchukue Tausi akakae naye Korogwe. Nimeshaongea naye. Ana chumba, shule iko karibu, na mume wake ameridhika. Najua unachotaka kusema. Najua ndiye anayelala mgongoni kwako usiku wa baridi, ndiye anayekutungia uzi kwenye sindano, na nikimtoa nyumba inabaki na sauti za wale wawili tu. Najua, Mama, na moyo unaniuma kwa ajili yako. Nenda naye. Mwajuma kasema uje hata kesho. Ukisema huwezi kuwaacha wanao, nitakuelewa, lakini huyu ni wangu, na huyo hakai.

Na wao uwaambie wewe mwenyewe, siyo yeye. Lisiwe neno la mwisho analotumwa. Waite wote wawili waje mpaka kwenye mipeasi, kila mmoja upande wake, uwaambie: Rehema amemwondoa mtoto kwa sababu mmemsahau. Wakiuliza maana yake, usiwaeleze. Athumani ataelewa. Yule akilala anaota, nakumbuka tangu utotoni, na hili ataliota.

Shamba wagawane au wasigawane, mimi sehemu yangu siitaki. Nilikuwa naiwaza, sikufichi, nilikuwa najenga pale kila nikipiga deki. Sasa kila nikipawaza naona ua ule wenye kisima kilichofukiwa. Waambie hivyo pia. Wawili wakigombania pa wote ni heri wa tatu atoke.

Mkataba wangu unaisha mwakani, mwezi wa tano. Bi Zuwena kanikubalia nisiuongeze. Nitakuja moja kwa moja Korogwe.

Msalimie Mwajuma na shemeji, na shangazi Fatuma mwenye kidonda mguuni, mwambie asiache kwenda kufungwa bandeji. Msalimie mwalimu wa darasa la Tausi, umshukuru, na umwombe karatasi za uhamisho. Mke wa Shabani mpe mkono kwa ajili yangu. Nikiwa na nafasi nitamtumia nguo za mtoto. Kaka zangu wote wawili wasalimie. Nawapenda, ndiyo shida yenyewe. Tausi mbusu pale kwenye kovu la tetekuwanga, mwambie mama yake hajakasirika naye, alifanya vizuri kusema.

Na wewe nisamehe kama nimeandika kwa ukali. Mikono yako naibusu yote miwili.

Mwanao akupendaye,
Rehema

Vitu ninavyoomba Mama Jeni anirudie navyo ni hivi. Cheti cha kuzaliwa cha Tausi, nakala tu, halisi abaki nayo Mwajuma. Kanga moja ya zamani, yako, usiifue. Mchaichai mkavu kiasi cha kiganja kwa ajili ya Bi Mkubwa, amezisikia sifa zake. Picha ya Tausi amesimama mlangoni kwa Mwajuma, mlango uonekane wote, nijue ni wa kule. Uzi mpya, umpimie Korogwe, na siyo nyumbani, upige fundo juu na chini. Na ile ndoo ndogo ya bluu. Usiizibe, usimpe mtu, ije na ufa wake hivyo hivyo. Hivyo vitu vingine vyote viweke humo ndani, ufunge mfuniko.